Mgahawa wa marehemu, mjane na dalali: Tunauzaje bila kula haramu?

WIKI hii naomba tuzungumzie jambo ambalo halisikiki sana kwenye mimbari zetu. Tunasikia hotuba nyingi juu ya swala, saumu na hijabu, na ni haki zisikike. Lakini ni mara ngapi umemsikia khatibu akieleza namna Muislamu anavyotakiwa kuuza nyumba, shamba au mgahawa? Ilhali huko ndiko watu wanakodhulumiana mpaka ndugu wa tumbo moja wanapishana njiani siku ya Idd bila kupeana mkono.

Kilichonisukuma kuandika ni kisa cha mama mmoja wa Jorodom, chini ya Mlima Hanang, jirani na mji wa Katesh mkoani Manyara. Kwa asiyefika huko, Katesh ni makao makuu ya Wilaya ya Hanang, na barabara kuu ya Babati kwenda Singida inapita hapo. Wenyeji wengi ni Wairaqw na Wabarabaig. Waislamu ni wachache, na wengi wao ni watu wa biashara ambao wazazi wao walitoka Kondoa na Singida. Kwa hiyo mgahawa wa Muislamu kule si mahali pa kula tu. Dereva wa lori la vitunguu akishuka na njaa zake, swali la kwanza ni wapi atapata nyama iliyochinjwa kwa jina la Allah, na watu wanamwonesha kwa kidole.

Mgahawa wenyewe ulikuwa mdogo: meza sita, jiko la kuni nyuma, stoo, na kibao cha bati kilichoandikwa kwa mkono. Mume alifariki akamwachia mjane watoto watatu. Mkubwa wa kiume ni fundi magari Arusha, wa pili ni binti aliyekuwa akimsaidia mama yake jikoni, na wa mwisho ni mtoto wa kiume aliyekuwa darasa la tano. Mama aliendelea kupika miaka kadhaa mpaka magoti yakakataa na kifua kikawa hakistahimili moshi. Akaamua kuuza, arudi Kondoa kwa dada yake.

Siku moja nikiwa Katesh kwa shughuli za shule akaniita. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Ustaadh, kuna dalali amekuja anasema aniuzie. Dalali ni halali au haramu?"

Nami, Allah anisamehe, nikamjibu pale pale: "Mama, achana naye. Hao ni watu wa haramu."

Nilijibu hivyo si kwa elimu bali kwa hasira. Nikiwa mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam nililipishwa pesa za kuoneshwa chumba ambacho kilikuwa na mpangaji tayari, na tangu siku hiyo neno dalali linanichoma. Lakini kuchomwa kwangu si dalili ya kisheria. Kusema hili ni haramu na hili ni halali ni kumsemea Allah (s.w.), na sisi walimu tuliopata vyeti tuna ugonjwa wa kutaka kila swali lijibiwe kabla mwenye kuuliza hajamaliza chai yake. Usiku ule nikarudi kwenye vitabu. Asubuhi nikarudi kwa yule mama kumwambia nimekosea.

Maulamaa wanasemaje?

Udalali ulikuwepo zama za Mtume (s.a.w.). Qays bin Abi Gharaza (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba wao katika masoko ya Madina walikuwa wakiitwa madalali, Mtume (s.a.w.) akawapa jina lililo bora kuliko hilo, akawaita wafanyabiashara, kisha akawausia wachanganye biashara yao na sadaka kwa sababu ya maneno ya upuuzi na viapo vinavyoingia humo. Hakuwafukuza sokoni. Na Imam Bukhari ameweka katika Sahih yake mlango mzima juu ya ujira wa dalali, akawataja Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan kuwa hawakuona ubaya kwa ujira huo. Basi dalali anayejulikana kazi yake, na ujira wake ukajulikana, analipwa kama anavyolipwa fundi.

Tatizo ni pale udalali unapogeuka pazia. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu wa mjini kumuuzia mtu wa shamba, na Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa maana yake alisema ni kuwa asiwe dalali wake. Tafakari hapo. Mtu anakuja na mali yake, hajui bei ya mji, mwingine anajitia katikati na kumwambia, "Niachie mimi." Alikataza pia najshi, yaani mtu asiyetaka kununua kujifanya mnunuzi ili bei ipande. Nani asiyewafahamu wale "wateja" wanaoletwa na gari la kukodi, wanatazama paa, wanatikisa vichwa, kumbe ni watu wa dalali yule yule?

Halafu kuna "cha juu". Hili ndilo lililotokea Jorodom. Mama alimwambia dalali kuwa anataka shilingi milioni 18. Wiki ya pili akaja mtu kunywa chai na chapati, akamwambia binti pale kaunta, bila kujua kuwa anaongea na mtoto wa mwenye mali, kwamba anaununua mgahawa huu kwa milioni 22. Binti akaenda jikoni. Mama akaacha unga mikononi.

Milioni 4 zilikuwa za nani? Ibn Abbas (r.a.) amenukuliwa kuwa hakuona ubaya mtu kumwambia mwenzake amuuzie nguo hii na kinachozidi bei fulani kiwe chake. Wanavyuoni wengi, wakiwemo Mashafii tunaowafuata huku kwetu, hawakubali, kwa kuwa ujira haujulikani. Lakini hata kwa kauli ya Ibn Abbas, mwenye mali anajua na ameridhia. Hapa mama hakujua. Wakala akiuza kwa zaidi ya alichoagizwa, ziada ni ya mwenye mali. Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa dinari moja na Mtume (s.a.w.) akanunue kondoo, akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Hakuweka "cha juu" mfukoni, na Mtume akamuombea baraka katika biashara yake.

Mama akaamua kuuza mwenyewe. Nikamuuliza, "Na dalali?" Maana alikuwa amekwenda mara mbili Babati kutafuta wateja. Kwa Mashafii, ukimpa mtu kazi kwa ahadi ya malipo akimaliza, kisha wewe ukaivunja akiwa ameshaanza, unamlipa kwa kadiri ya kazi aliyofanya. Akamlipa nauli, muda wa simu na posho ya siku mbili, mbele ya mashahidi. Kijana wake mkubwa alilalamika kwenye simu kuwa mwizi halipwi. Mama akamjibu kuwa nauli hakuiba.

Kabla ya bei, mali ni ya nani?

Hapa ndipo familia nyingi zinapoanguka, na ndugu msomaji naomba usipite haraka. Tunasema "mgahawa wa familia", neno tamu, lakini katika sheria ya Allah hakuna mmiliki anayeitwa familia. Kuna mume, mke, mtoto huyu na yule, na kila mmoja ana fungu lake tangu dakika roho ya marehemu ilipotoka. Mjane hauzi mali "yake", wala kaka mkubwa hauzi "kwa niaba". Na kabla ya mafungu, Qur'an (4:11-12) inatanguliza kutekeleza wasia na kulipa madeni.

Tukakaa kikao: mama, binti, kaka mkubwa aliyepanda basi kutoka Arusha, na baba mdogo wao, yaani ndugu wa marehemu, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilikwishamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Nikauliza swali ambalo lilinyamazisha chumba: mtaji wa kwanza ulitoka wapi? Baba mdogo, Allah amlipe kheri, akasema kweli japo ilikuwa inapunguza urithi wa watoto wa kaka yake. Akasema marehemu alitoa kiwanja na matofali, na mama ndiye aliyenunua bati, sufuria na meza kwa pesa za maandazi aliyokaanga miaka minne na kwa mahari yake. Majirani wawili wakalishuhudia hilo.

Basi mama alikuwa mshirika kabla hajawa mrithi. Wapo wanaodhani kuwa haya ni mambo ya Kizungu. Maulamaa wa Kimaliki wa Morocco wana mlango wao wa kumpa mwanamke haki ya jasho lake katika mali aliyochuma na mumewe, mbali na mirathi. Na hapa Tanzania, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, lililohusu talaka, ilikubali kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Ni aibu kwetu kumsubiri hakimu atuambie jambo ambalo baba mdogo mmoja wa Jorodom alilisema bila kuulizwa na wakili.

Wakakubaliana nusu kwa nusu. Watu wazima wanaweza kusuluhishana watakavyo, lakini mtoto wa darasa la tano hawezi kusamehe, na hakuna wa kumsamehea. Ndiyo maana ushahidi ulikuwa lazima. Bila ushahidi ule, ningemwambia mama achukue thumni yake na ajikaze.

Mambo ya serikali niyataje kwa ufupi. Leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi havimo katika mauzo, mnunuzi anatafuta vyake. Uhamisho wa kiwanja una kodi na ushuru wake, na kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji lazima ihusishwe. Na lile daftari la madeni ya wateja, mama alitaka kumuuzia mnunuzi madeni ya laki sita kwa laki nne taslimu. Nikamzuia. Hiyo ni pesa kwa pesa pungufu, ni mlango wa riba. Akalibeba daftari lake, akaanza kuyadai mwenyewe pole pole.

Tope

Sasa nifike kwenye jambo lililoninyima usingizi.

Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimomonyoka. Maji, tope, mawe na magogo vikashuka kuelekea Katesh, Jorodom, Gendabi na maeneo ya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kuna nyumba zilizofutika zisijulikane zilipokuwa. Allah (s.w.) awarehemu waliokufa na awape subira waliobaki.

Mgahawa wa mama huyu ulikuwa pembeni ya mkondo mkubwa. Tope liliingia stoo, likasukuma ukuta wa nyuma na kuacha ufa. Baadaye ukuta ukapigwa plasta na kupakwa rangi ya krimu. Ukiingia leo huoni kitu. Dalali alikuwa amemshauri mama kwa maneno haya: "Rangi imeshakauka, mama, na wewe kausha mdomo."

Mama akaniuliza, "Ustaadh, nikisema, nani atanunua? Na nisiposema nitakuwa nimesema uongo? Mimi si nimenyamaza tu?"

Ni swali la haki. Sote tunajua hadithi ya Abu Hurairah (r.a.) katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu ndani. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akamtenga na sisi kila anayeghushi. Angalieni, ndugu zangu, yule mtu hakusema uongo hata neno moja. Mvua ilinyesha kweli. Kosa lake lilikuwa kuweka kikavu juu ya kibichi. Na rangi ya krimu juu ya ufa ni nini kama si nafaka kavu juu ya nafaka mbichi?

Tena ana hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) kwa Bukhari na Muslim: wauzianao wakisema kweli na kubainisha, wanabarikiwa katika mauziano yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Wathila bin al-Asqa (r.a.) alimfuata mtu aliyekwishanunua ngamia, ngamia ambaye wala hakuwa wa kwake, kumwambia kuwa kwato lake lina dosari. Muuzaji akakasirika kuwa ameharibiwa biashara. Wathila alimwambia kuwa haifai kwa anayejua kunyamaza.

Lakini mama alikuwa na hoja moja nzito zaidi, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Alisema, "Ingekuwa yangu peke yangu ningesema. Hii ina fungu la yatima. Nikisema ukweli bei inashuka, na anayeshukiwa ni yatima." Fikiria mwenyewe ungemjibu nini. Qur'an (4:10) imewatisha wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kwa kitisho cha moto. Je, kumpunguzia bei si kumdhulumu?

Nilichomjibu ni hiki. Haki ya yatima ni thamani halisi ya mali yake. Milioni zinazopatikana kwa kuficha ufa si mali ya yatima, ni mali ya mnunuzi ambayo bado iko mfukoni mwake. Mnunuzi akigundua dosari ya zamani ana haki kisheria ya kurudisha mali, na hapo yatima ndiye atakayedaiwa akiwa amekwishanunuliwa sare na madaftari. Mlezi hapewi ruhusa ya kumuibia mtu mwingine ili mtoto ashibe. Mama akanyamaza muda mrefu. Kisha akamwita binti, wakachukua panga, wakakwangua plasta mahali penye ufa, upana wa sinia, na wakapaacha hivyo.

Milioni 22 za baa

Mteja wa milioni 22 akarudi, safari hii moja kwa moja kwa mwenye mali. Akaoneshwa ufa, akasema hauna shida, atabomoa upande ule wote. Alikuwa na mpango wa baa, na nyuma iwe sehemu ya kitimoto. Na yeye, wallahi, alikuwa na jina la Nabii mmoja na alisalimia kwa Assalamu alaykum.

Kaka mkubwa akasema auziwe. Akasema sisi tunauza kuta, atakachofanya ndani ni baina yake na Mola wake. Kauli hiyo si ya kubeza, wapo maulamaa wakubwa waliolegeza katika kumuuzia zabibu anayejulikana kuwa atazikamua mvinyo. Lakini kwa Mashafii, ukijua kwa yakini kuwa atazifanyia mvinyo unaingia katika dhambi hata kama mkataba umesihi, na ukishuku tu ni karaha. Na Qur'an (5:2) imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Huyu hakutushukisha, alitueleza hadi mahali pa kuweka friza.

Nikasema rai yangu, nayo ni rai, kwamba milioni 22 hazikuwa bei ya mgahawa. Zilikuwa bei ya baa. Bei ya halali ndiyo anayostahiki yatima. Wakaitwa watu watatu wanaoijua kazi, fundi ujenzi mmoja na wafanyabiashara wawili, wakaoneshwa ufa na mkondo wa maji, wakasema thamani ni kati ya milioni 17 na 18.

Kaka aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Yeye fungu lake lilikuwa linapungua, na mimi mhubiri sikuwa napoteza hata senti. Nalikiri hilo. Ni rahisi sana kutoa fatwa juu ya pesa za mwenzio.

Jirani

Namna ya kutangaza nayo ilinipa somo. Nilitaka baada ya swala ya Ijumaa nisimame niwaambie watu kuwa kuna mgahawa unauzwa. Imamu wa pale, mzee ambaye hakusoma chuo chochote, akanishika kanzu na kunikumbusha hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba anayeuza msikitini huombewa asipate faida. Tukatangaza nje, kwenye viatu.

Mnunuzi hakutoka msikitini wala Babati. Alikuwa ukuta wa pili, Muiraqw mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mkristo wa Kisabato. Mke wake alikuwa akiutamani mgahawa ule kwa miaka ila alidhani ameshapewa mtu wa mbali. Baadhi ya ndugu zetu wakapiga kelele: itakuwaje tumkatae Muislamu wa milioni 22 tumpe asiye Muislamu kwa pungufu? Nikawauliza, kati ya wawili hao nani hanywi pombe na hali nguruwe? Mtume (s.a.w.) alifanya biashara na Myahudi wa Madina, na alifariki deraya yake ikiwa rehani kwake kwa shayiri aliyoichukua kula watu wa nyumbani kwake.

Na jirani ana haki ya kutangulizwa. Katika Sahih Bukhari kuna kisa cha Abu Rafi (r.a.), aliyetaka kumuuzia Saad bin Abi Waqqas (r.a.) vyumba vyake viwili vilivyokuwa ndani ya makazi ya Saad. Saad akasema hatoi zaidi ya 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi alikuwa ameshaahidiwa dinari 500, ambazo ni zaidi, lakini akampa Saad kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema juu ya haki ya jirani kwa kilicho karibu naye. Ila tusikosee hapa: Abu Rafi aliuza chake. Mama angeweza kumlegezea jirani katika nusu yake, si katika fungu la mtoto. Ndiyo maana tuliwatanguliza wale wathamini watatu.

Jirani akatoa milioni 17 na nusu. Milioni 10 mkononi, zilizobaki laki tano kila mwezi kwa miezi 15, bila nyongeza yoyote ya kuchelewa. Awali alitaka kutoa arubuni ya milioni moja, ambayo angeikosa kama angeghairi. Imam Ahmad ameiruhusu, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993 likaikubali kwa masharti, lakini Mashafii na wengi wengine wanaikataa, na mama hakutaka pesa yenye maneno. Wakaandikiana, kama ilivyoamrishwa katika ile aya ndefu kuliko zote, Qur'an (2:282), kila kipengele na tarehe yake: jengo, kiwanja, vyombo vilivyohesabiwa mpaka birika, na ufa wa ukuta wa stoo pamoja na siku ulipotokea. Mashahidi wakatia saini, wawili upande huu na wawili upande ule.

Kibao hakikuuzwa. Watu wanasimama pale kwa sababu ya kuchinja, na kumuachia jina mtu mwingine bila kujua nani atachinja ni kuwadanganya madereva. Jirani mwenyewe akapendekeza mchinjaji awe yule yule na binti aendelee kupika kwa mshahara. Hatukuliweka hilo kama sharti ndani ya mauziano, kwani sharti la kumfunga mnunuzi katika mali yake lina utata kwa mafaqihi. Likabaki kuwa neno la jirani kwa jirani, na kibao kikaazimwa kwa muda ambao neno hilo litatimizwa.

Katika milioni 10 za mwanzo wakatoa kwanza milioni moja na nusu za madeni ya duka la unga na kuni. Zikabaki 16 kwa jumla ya bei, nusu yake ya mama, na milioni 8 ndizo urithi. Thumni ya mama ni milioni moja. Watoto wa kiume milioni 2.8 kila mmoja, binti milioni 1.4. Fungu la mtoto mdogo lilitolewa siku ile ile likapelekwa benki na baba mdogo, risiti ikapigwa picha na kila mmoja. Binti akapewa lake, kaka akapewa lake. Mama akabaki na milioni moja na nusu mkononi, na kungojea milioni saba na nusu zake. Nilimuuliza kwa nini yeye ndiye wa kungoja. Akasema, "Mwanangu, deni likipotea lipotee langu."

Kaka hakuniaga alipoondoka kurudi Arusha.

Nilipopita Jorodom mara ya mwisho yalikuwa yamebaki malipo sita, na hakuna mwezi uliorukwa. Jirani amejenga ukuta wa mawe nyuma ya stoo, umepita urefu wa mtu. Binti alinikaribisha chai, akaniambia kuwa kaka yake amepiga simu kuuliza kama kile kipande cha plasta kilichokwanguliwa kimeshazibwa. Hakijazibwa, mke wa jirani amekataa. Amekiwekea msumari na kutundika kalenda pembeni yake, ili mtu anayetazama tarehe auone na ufa.